Wifi Zulaikha Achagua Kuchimba Mawe

Wifi yangu Zulaikha hakuumbwa kushindwa, na mimi niliyeolewa na kaka yake Marjan ndiye ninayelipia tabia hiyo tangu siku nilipoingia nyumba hii ya Kibuli, hapa Kampala. Ukimpikia, chumvi imezidi. Ukimshonea, uzi umelegea. Ukimletea habari mpya, yeye aliisikia jana. Lakini nikimsikia mtu mwingine akimsema, namkatia maneno hapo hapo. Haki ya kumsema Zulaikha ni yangu mimi Safinah, nimeitolea jasho.

Mtaa mzima unamjua kwa kutarizi. Wanawake wetu Wanubi wana mikono: wengine wanasuka vifuniko vya chakula vyenye rangi za kuumiza macho, wengine wanatarizi mashuka. Zulaikha alikuwa wa mashuka, na hapakuwa na wa pili wake. Mabibi harusi kutoka Bombo mpaka Arua wamelala juu ya kazi yake. Tena katika ukoo wa mume wangu, shuka la kwanza la bibi harusi hutariziwa na shangazi yake, na siku wanawake wanapokuja kutazama vyombo anavyokwenda navyo kwa mumewe, hilo ndilo hutandikwa mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo binti yangu Munirah alipochumbiwa, akiwa anamalizia masomo yake ya chuo Kyambogo, hakuna aliyeuliza shuka litatoka wapi.

Kisha kiharusi kikamshika Zulaikha.

Hakikumuua, alhamdulillahi, wala hakikumpinda mdomo, ingawa wapo majirani ambao wangekisamehe kingefanya hivyo. Kilichukua mkono wa kulia. Kuuinua aliweza, ila vidole vilikuwa vizito na kidole gumba hakikusikia amri. Hospitalini walimpa mpira laini wa kufinyafinya. Aliufinya kidogo, akautupa uani, mbuzi wa jirani akautafuna. Siku moja alijaribu sindano kwenye pembe ya kitambaa cha mezani. Alipoona kilichotoka, alifumua yote, uzi kwa uzi, akafunga kisanduku chake cha nyuzi.

"Mimi na sindano tumeachana," alituambia wakati wa chakula. "Shuka ya Munirah nunueni sokoni Kikuubo. Iko mingi, maua tayari."

Munirah akasema, "Shangazi, kama si yako, mimi nalala kwa godoro hivi hivi."

"Lala. Godoro haina aibu."

Hapo ndipo tulipokwama. Binti yangu amerithi shingo ya shangazi yake, haigeuki. Na mimi niliogopa, si kwa ajili ya shuka, bali kwa ajili ya yule mwanamke. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa mikono yake akikaa bila kazi, anaanza kufa akiwa amevaa vizuri.

Munirah ana kimashine cha michezo, kile cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati na vitufe pande zote. Ndani yake kuna mchezo wa nchi ya ajabu yenye mfalme na majoka na misitu inayosema, lakini huendi huko kupigana tu, unakwenda kuishi. Mwanzoni kabisa unapelekwa kwenye ofisi ya kazi, unaulizwa unataka kuwa nani: askari, mwindaji, mpishi, mhunzi, seremala, mkata miti, mvuvi, mshonaji, mchimba mawe. Ukichagua, unapewa nguo na vifaa, unaanzia chini. Ukichoka unarudi ofisini, unabadilisha kazi, na ulichojifunza hakipotei. Tena unachagua ugumu wa maisha yako: rahisi, kawaida au ngumu. Munirah alimwambia shangazi yake kwamba vitufe vitamfaa kuliko ule mpira. Zulaikha akasema yeye si mtoto. Munirah hakubishana, alikiacha kimashine mezani akaenda chuo.

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta wifi yangu amekiegemeza kwenye goti, miwani puani, anakitazama kama mtu anayemsubiri mgeni aseme uongo.

Alichagua nini? Mshonaji, bila shaka. Na ugumu? "Ngumu," alisema. "Mimi sijawahi kula cha kutafuniwa."

Kumbe katika mchezo ule, kushona ni kubonyeza. Sindano inakimbia juu ya mstari, nawe ubonyeze inapofika kwenye alama. Kidole gumba cha Zulaikha kilifika kila mara sindano ikiwa imeshapita. Gauni likatoka, na maandishi madogo yakatokea juu yake. Jioni Munirah akamsomea: kazi duni.

"Duni? Nani anasema duni?"

"Ni mashine, shangazi."

"Mashine imeshonea nani?"

Akarudia. Duni. Akarudia tena, na tena. Nilikuwa nachambua mchele pembeni na nimeshaandaa kicheko changu, lakini nilipoinua macho nikaona anatokwa na machozi. Hakuwa analia kwa sauti, yalikuwa yanateremka tu. Miaka yote niliyokaa na Zulaikha sikuwahi kuyaona machozi yake, hata kwenye msiba wa mama yao. Niliumia mpaka nikainuka kwenda jikoni kutafuta kitu nisichokihitaji.

Munirah akafanya kosa la watu wenye huruma. Siku iliyofuata, shangazi yake alipokwenda kuswali alasiri, aliingia kwenye mchezo kimyakimya akashusha ugumu mpaka rahisi. Zulaikha akarudi, akaketi, akabonyeza. Gauni likatoka linameta. Kazi bora. Akalitazama gauni, kisha akautazama mkono wake.

"Munirah, umefanya nini?"

"Hakuna, shangazi."

"Hii kidole haiwezi kupona kati ya rakaa nne. Umeniona mimi nani? Mgonjwa wa kudanganywa na pipi?"

Akanuna. Akamnunia Munirah, akaninunia mimi niliyemzaa, akamnunia hata Benedicte, mpangaji wetu kutoka Bukavu anayesuka watu nywele barazani, ambaye hakujua lolote. Nyumba ikawa haipitiki. Na mimi hasira zangu, mwenye kunijua anajua, hazikai ndani zikachacha. Nikamwendea chumbani.

"Wewe Zulaikha, nisikilize. Nilipokuja hapa nimeolewa, sijui kushika sindano, ulinipa nini nijifunzie? Ulinipa hariri?"

Akanigeuzia mgongo.

"Ulinipa gunia la sukari na sindano ya kushonea magunia! Nikalia, nikasema umenidharau. Ukaniambia gunia si dharau, gunia ni mlango. Kila msichana uliyemfundisha ulimpitisha kwa gunia. Sasa wewe mlango wako uko wapi? Au wewe unapita dirishani kama mwizi?"

"Toka kwa chumba yangu," akasema.

Nikatoka. Nikajua nimempata.

Asubuhi alimwita Munirah kana kwamba hakuna kilichotokea. "Nirudishe kwa ile ofisi. Nabadilisha kazi." Tukakusanyika wote, Benedicte na kitana chake mkononi. Zulaikha akaipitia orodha yote, akapita askari, akapita mpishi, akapita mshonaji bila kumwangalia, akasimama kwenye mchimba mawe. Kisha yeye mwenyewe, kwa kidole kilekile kizito, akabonyeza rahisi. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia.

Benedicte akashika kichwa. "Mama Zulaikha! Kazi yote ile, unachagua kuchimba? Kwetu batu banakimbia ile kazi!"

"Mimi naikimbilia."

"Lakini juu ya nini, Mama?"

"Kwa sababu sijui kuchimba," alisema Zulaikha. "Nikikosea kushona, mikono yangu ya zamani inanicheka. Nikikosea kupiga jiwe, nani atanicheka? Jiwe?"

Nimesoma kidogo, nimesikiliza mawaidha mengi, lakini busara ile ilinipenya moja kwa moja mpaka moyoni. Alikuwa ametafuta kazi ambayo hana jina ndani yake la kulinda.

Basi hajati wetu, mwanamke aliyehiji Makka, akawa mchimba mawe. Ungemwona, mama mzima, amevaa gauni refu na ushungi, anapiga sururu katika mapango ya mfalme asiyemjua, anatukanana na fuko mkubwa aliyekuwa anamfukuza kila akikaribia dhahabu. Wanawake wa msikitini walisikia, wakacheka. Mmoja akamuuliza kama kweli siku hizi anacheza michezo ya watoto. Zulaikha akamjibu kwamba watoto wana akili, wanabadilisha kazi wakichoka, si kama yeye anayeuza mandazi magumu tangu enzi za babu yake.

Fuko aliposhindwa, Zulaikha akapandisha ugumu hadi kawaida, kwa mkono wake. Siku mkono ulipoamka vibaya, akashusha ugumu bila kuona haya. "Leo tunapika kwa moto mdogo," alikuwa anasema, akiupunguza kama mtu anayetoa mkaa kwenye sigiri. Kesho yake akapandisha tena. Akakata miti. Akawa mvuvi, akatoa ziwani samaki wa dhahabu, akamwonyesha kaka yake Marjan na kumuuliza kwa nini yeye kutoka soko la samaki la Ggaba huleta waliolala. Nami nikaona kwamba desturi ile imetoka kwenye kimashine imeingia nyumbani. Siku mbaya alikunywa chai kwa kikombe kikubwa chenye mpini mnene. Siku njema alishika kisu akamenya matoke, polepole, akitema maneno makali kwa kila ndizi.

Mwisho akarudi ofisini kwa miguu yake, akajiandikisha mshonaji. Rahisi. Mashine ikamwambia kazi yake ni ya wastani.

"Wastani," alisema. "Haya. Wastani inatosha kwa leo."

Kesho yake alinifuata jikoni, akasimama mlangoni akitazama pembeni. "Safinah. Gunia iko?"

Nilikuwa na maneno matatu matamu ya kumchoma nayo, yote yameiva. Niliyameza. Naomba Mungu aniandikie thawabu, maana ilikuwa kazi kubwa kuliko kufunga. Nikamletea gunia na sindano nene, nikamtungia uzi, nikaondoka.

Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia kitambaa tu. Gunia kwanza, kisha kitambaa kigumu, kisha pamba. Siku za harusi zilipokaribia alijifungia chumbani na shuka jeupe, wala hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia, hata Munirah.

Siku ya kutazama vyombo nyumba ilijaa. Bi Kaltumi alikuwepo, mtarizi mkubwa kutoka Bombo, ambaye kwa miaka mingi yeye na Zulaikha walikuwa wakisalimiana kwa meno. Munirah alikaa pembeni, hina mikononi. Shuka likaletwa, likatandikwa.

Nitasema ukweli, halikuwa shuka la Zulaikha tunayemjua. Maua yalikuwa makubwa, machache, yamekaa mbalimbali. Mashina yalipinda. Jani moja lilielekea upande wake peke yake, kama mbuzi aliyekataa kundi. Nikasikia mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba labda limefanywa na mtoto. Jirani yetu Mganda akajitahidi kutuokoa kwa kusifu rangi, "Langi muzuli, nnyabo. Langi muzuli sana." Nilitamani ardhi inimeze, nayo immeze kwanza yule aliyenong'ona.

Bi Kaltumi akainama. Kila mtarizi ana alama yake kwenye pembe ya shuka, na watu wa kazi ile huangalia huko kwanza. Akainua pembe, akakunja uso, akawaonyesha wenzake. Hapakuwa na alama yoyote aliyoijua. Palikuwa na herufi moja tu, nyekundu, kubwa kama kiganja: L.

"Zulaikha," akasema, "hii ni nini?"

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala mapajani. "Bi Kaltumi, wewe hujaona magari ya shule ya udereva hapa Kampala? Yanawekwa L nyuma, watu wajue dereva anajifunza. Na mimi najifunza. Piteni pole pole, msinipigie honi."

Kicheko kilipasuka mpaka bati la paa likatikisika. Munirah aliinuka na hina yake mbichi, akaenda kukaa katikati ya shuka lile, juu ya maua yaliyopinda, na hapo nikalia bila kujificha. Wanawake wakaanza vigelegele. Zulaikha akainua mkono wa kushoto, wakanyamaza.

"Hapana," alisema. "Hizo vigelegele ni za mgonjwa aliyepona. Mimi sijapona. Nimeanza."

Kisha akanigeukia, maana ndivyo tulivyozoeana, akingoja nimrushie neno. Tangu nimeolewa sijawahi kukosa jibu la kumpa Zulaikha. Siku ile nilisogea tu mkekani, nikaketi upande wa mkono wake wa kulia.