Mbeleko ya Mama Yangu Kanisani Ruiru

Shule nilikaa miaka miwili tu, kwa hiyo msomaji akikuta kombo humu anisamehe, au aache kusoma. Nyumba nilizojenga Kiganjo hazina kombo, na wenye digrii ndio wapangaji wangu.

Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mgeni hudhani ni jina basi. Si jina tu. Mtoto ndiye yule bibi, amekuja mdogo wakati mkubwa bado yupo. Kifungua mimba wangu alizaliwa Thika, katika vyumba vya wafanyakazi wa machimbo nilikokuwa nakata mawe. Mama yangu akafika asubuhi, akafunua blanketi, akajitazama.

"Safari hii nimetoka na pua nzuri," akasema. "Hii ya zamani ilinichosha."

Tangu siku hiyo akawa anaongea hivyo. Mtoto akilia: "Nipeni ziwa, mnataka nife?" Akijikojolea: "Ndivyo mnavyoniacha nimelowa?" Mke wangu naye akapata nafasi ambayo wake wachache huipata. Mtoto akimsumbua alimwambia, mama akisikia kabisa: "Mama mkwe, nyamaza! Maneno yako yamezidi." Wakacheka wote wawili mpaka mimi nikatoka nje kutafuta kazi ya kufanya.

Kisha ikaja habari ya ubatizo. Mke wangu alitoka Ruiru, nyumba ya kanisa. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Mama yangu hakuwa Mkristo. Zamani aliwahi kwenda kujiandikisha darasa la ubatizo, akaambiwa kwanza avue shanga za masikioni na atupe kila kitu cha ngozi alicho nacho, ndipo afundishwe. Alisimama akaenda zake kulima. Hakurudi.

Nilipomwambia kwamba Jumapili inayokuja mtoto anabatizwa, aliendelea kuchambua maharagwe. Akasema:

"Kwa hiyo mnanibatiza."

"Tunabatiza mtoto, mama."

"Na mtoto ni nani?"

Nikavuta ungo, nikaanza kuchambua naye.

"Sikatai," akasema. "Umeoa kwa Wakristo, na chakula chao nimekila. Lakini nikibatizwa nitaingia na mbeleko yangu. Hamtaki, mkaoshe mtoto mwingine."

Mbeleko hiyo ilikuwa ngozi ya mbuzi, sisi huita ngoi. Alitubebea ndani yake sote, hata wawili waliokufa. Aliipaka mafuta ya mbarika mpaka ikawa laini kama sikio. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipotuhamisha kwa nguvu kutuingiza kijijini na nyumba zikachomwa nyuma yetu, alitoka na chungu, jembe na hiyo ngozi. Vingine vyote vilibaki motoni.

Nilitaka mama awepo. Nasema wazi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na sikukubali mtoto wangu afikishwe mbele ya Mungu na ukoo wa upande mmoja, kama kigoda kilichokatika mguu.

Jumamosi tukapanda gari moshi kwenda Ruiru, karatasi za ruhusa mfukoni, kwani miaka ile hukutembea bila karatasi. Mama alimbeba mtoto ndani ya ngozi, amelala fofofo.

Mama mkwe wangu akatupokea kwa chai, kisha akatoa shali nyeupe ya sufi. Watoto wake wote walibatizwa wakiwa wamefunikwa na shali hiyo. Alikuwa ameifua kwa buluu ya kufulia na kuianika kivulini isigeuke rangi. Tukaisifu, na ilistahili. Baba mkwe yeye alikuwa akitazama ngozi.

"Hiyo itabaki nyumbani," akasema. "Vitu vya giza haviingii kanisani."

Mama akaweka kikombe chini. Akamrudisha mtoto mgongoni, akaanza kufunga mikanda ya ngozi polepole. Nilimjua. Alikuwa anarudi stesheni.

Adabu ya ukweni naifahamu: baba mkwe hajibiwi. Lakini mdomo wangu ulitoka shule mapema kuliko mimi.

"Baba," nikasema, "na hivyo viatu vyako ni vya mti?"

Mke wangu akajifunika uso kwa leso.

"Viatu ni vya miguuni," mzee akasema. "Havina mizimu."

"Ng'ombe wake alikuwa ameokoka?"

Tungeendelea hivyo mpaka jua lizame, lakini mama mkwe akainuka. Mwanamke huyu, tangu nianze kumposa binti yake, sikuwahi kumsikia akisema kitu mbele ya mumewe isipokuwa kuuliza kama sukari imetosha. Akashika ngozi pale ilipopita begani pa mama. Akainama akainusa.

"Mbarika," akasema. "Mama yangu alinibeba kwa moja kama hii. Akaniachia." Kisha, bila kugeuka: "Yangu uliichoma, baba wa watoto. Siku niliyobatizwa. Uliichoma nyuma ya ghala na mimi nimesimama natazama."

Mzee akalegeza tai.

"Ndivyo tulivyofundishwa," mzee akasema.

"Najua. Sijakulaumu. Lakini hii hutaigusa."

Baba mkwe akatoka nje. Tukamsikia akiita kuku ambao hawakuwa wamepotea.

Mama akafungua mikanda, akaketi tena. "Mkwe wangu," akamwambia mama mkwe, "niongeze chai. Nilikuwa naondoka na njaa."

Kesho yake mzee alikuwa mlangoni mwa kanisa akipokea watu. Mama akaja na mtoto mgongoni ndani ya ngozi, mama mkwe ubavuni mwake na shali mkononi. Watu wakageuza shingo. Mimi nilikuwa tayari kwa vita. Mzee akamshika mama mkono.

"Karibu, mkwe," akasema, akawatangulia mpaka benchi la mbele, akawaambia wazee wenzake wasogee.

Mchungaji alipouliza jina, nilishafungua kinywa. Mama, aliyempakata mtoto, akanitangulia. Akataja jina lake mwenyewe kwa sauti, kama mtu aliyeitwa. Maji yakamwagwa, mtoto akapiga yowe, maji mengine yakatiririka mkononi mwa mama mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe akakifuta kichwa cha mtoto kwa shali. Kisha akaufuta na mkono wa mama.

Baadaye mwinjilisti mmoja alipita kijijini kwetu akiwaita akina mama waje darasa la ubatizo. Mama akamwambia amechelewa, yeye alishabatizwa, Ruiru, na mzee wa kanisa alikuwepo, akamuulize. Yule bwana, kwa vile hakuona jina la mama katika daftari lake, akaenda kweli mpaka Ruiru kuuliza.

Baba mkwe alikuwa mtu asiyesema uongo. Walinieleza kwamba alifikiri sana, akamtazama mke wake, kisha akajibu:

"Nilimwona akilowa kwa macho yangu haya."