Pijo ya Nasipwondi na Kamba Iliyofunguliwa

Saa kumi na mbili jioni. Nasipwondi Khaemba anaingia kwenye ploti anamoishi, Kawangware 56, anatua mfuko wa vifaa, na kabla hajamsalimu mtu anainamia kamba ya turubai. Anaivuta. Anaigeuza. Kisha anasimama na kutazama milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine.

"Si mimi nimefunga hii," anasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani. "Mimi nafunga fundo la fundi. Hii ni ya mtu anafunga mbuzi!"

Chini ya turubai kuna Pijo 404, ile ndefu ya kubeba mizigo nyuma, yenye umri wa kumpita yeye mwenyewe. Nasipwondi, 49, ni fundi wa viti vya magari kule Laini Saba, Kibera. Mchana hushona viti vya matatu za watu. Jioni hurudi nyumbani kuhangaika na gari lake.

Wiki hiyo kamba ilikuwa imeguswa mara tatu, na Nasipwondi alikuwa na jina moja tu kichwani: Okeyo, keateka anayeitunza ploti. Kila alipofunua gari, Okeyo alipata sababu ya kufagia karibu na hapo. Nani anafagia jioni?

Gari lilikuwa la marehemu babake, mzee Khaemba, aliyelitumia kubeba abiria kati ya Nairobi na Bungoma. Hakubeba walio hai tu. Watu wengi wa Magharibi wanaofia Nairobi hurudishwa kuzikwa nyumbani, na mzee alikuwa akikunja viti vya nyuma, jeneza linaingia, safari inaanza. Jeneza la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, miaka kumi na mitano iliyopita, mpwa wake akishika usukani. Gari liliporudi mjini lilizima, likasukumwa ukutani, na kuku wakahamia ndani.

Kilichomfanya Nasipwondi awafukuze kuku hao ni mamake, Nasambu, 78, ambaye ploti nzima inamwita Kukhu, yaani bibi. Alivunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kukaa kwenye basi akiwa amekunja miguu safari nzima. Miaka minne sasa hajaona nyumbani.

"Anaota kahawa yake ya shambani. Anaota kaburi la mzee," anasema Nasipwondi. "Nikasema basi, nyumbani atafika, hata kama ni kwa hili bati."

Timothy, fundi wa injini wanayepakana naye Laini Saba, alihangaika na injini mpaka ikakohoa, ikanguruma. Ikabaki kazi ya viti, ambayo ni ya Nasipwondi. Aling'oa vile vya nyuma, akalaza mbao, akaweka sponji nene ili mama asafiri akiwa amejinyoosha. Na ili mbao isipungue wala kuzidi, Jumapili moja alimlaza mamake kwenye mkeka hapo nje, akampima kwa futikamba kutoka kisigino hadi utosini.

Ploti yote ikaona. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nimeona mbao. Nimeona kitambaa. Nimeona mtu mzima analazwa chini anapimwa," anasema Okeyo, akihesabu kwa vidole. "Wewe ungefikiria nini?"

Kufikia kesho yake, kwenye kibanda cha mboga habari ilikuwa imeiva: hospitali imekata tamaa na Kukhu, na bintiye anaandaa gari mapema. Akina mama wakaanza kuja na unga na sukari, wakiongea polepole. Kukhu alipokea vyote, akiwatazama machoni.

Nasipwondi hakujua lolote. Yeye alikuwa na kesi yake ya kamba. Jioni ile ya fundo la mbuzi alimfuata Okeyo mlangoni.

"Okeyo, taa ya hii gari ikipotea, mimi na wewe!"

"Ati mimi? Taa ya gari ya maiti niipeleke wapi?"

"Maiti gani?"

Okeyo akachukua ufagio, akaanza kufagia palepale. Lakini Nasipwondi aliona anazungushwa tu, na mwizi lazima ashikwe. Asubuhi iliyofuata aliaga kama kawaida, akafika stejini, akageuka.

Alikuta turubai limefunuliwa na mlango wa nyuma uko wazi. Mkongojo umeegemezwa kwenye bampa. Mamake ameingiza kichwa ndani, anabonyeza sponji kwa kiganja.

"Mama! Unatafuta nini huko?"

"Naangalia mahali mtanilaza."

Nasipwondi alianza kucheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Daktari alikuambia nini ukanificha, Nasi? Hapo ndipo alilala baba yako. Mimi nilikaa mbele, nikamsindikiza mpaka nyumbani. Leo unanitandikia hapo hapo, na bado napumua?"

"Aki nililia," anasema Nasipwondi, na hata sasa machozi yanamlengalenga. "Nilimpima mwili mzima, nikasahau kumuuliza anataka kukaa wapi."

Mbao ilitoka siku hiyo hiyo, mchana kweupe, kila mtu akiona. Mpaka leo imeegemea ukuta karibu na geti, na hakuna anayeigusa, Okeyo akiwa wa kwanza kutoigusa. Nasipwondi amekigeukia kiti cha mbele: amekiinua, amekilaza kidogo, na kuchonga sponji upande wa nyonga mbovu. Safari hii mama alipimwa akiwa ameketi, akitoa amri.

Mpango ni kusafiri Desemba, Timothy akimaliza breki. Hata hivyo, kila jioni Kukhu huketi kwenye kiti hicho, mkongojo mapajani, jicho kwenye ile mbao.

"Nalinda nafasi yangu," anasema. "Huyu mtoto ni fundi. Nikishuka tu, atanirudishia kitanda."

Anapapasa dashibodi.

"Na watu wa kwetu wanaijua hii gari. Wakiiona barabarani watakimbia kuangalia nyuma, ni nani ameletwa. Nataka wanikute huku mbele, nimefungua dirisha, nawasalimia."

Dirisha la upande huo bado halishuki. Nasipwondi ameshafungua mlango kulitengeneza, na mamake amekataa kushuka.