Dada Aliyesema Anapika Jeshini

Dada yangu alipopelekwa vitani Somalia, alimwambia mama kwamba kazi yake ni kupika kambini. Mama ana presha, kwa hivyo sisi watoto wengine tuliutunza uongo ule. Ukweli ni kwamba alikuwa dereva wa lori la jeshi. Kila alipopiga simu, mama alimuuliza, "Leo mmepika nini?" naye alitaja maharagwe au wali.

Baada ya mwaka mmoja alirudi nyumbani kwetu Kaloleni akichechemea. Akasema aliteleza jikoni.

Kisha ikaja barua ya kumwalika mzazi, kwa kuwa binti yake angetunukiwa nishani ya ushujaa. Nilimsindikiza mama, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Afisa alisoma kwamba msafara uliposhambuliwa, dereva huyu, risasi ikiwa imempata pajani, aligeuza lori akarudi kuwachukua wenzake watano waliojeruhiwa. Nilimtazama mama kwa hofu. Alikuwa anapiga makofi polepole, na aliendelea hata wengine walipokwisha kunyamaza.

Tulipofika nyumbani, dada aliketi akiwa bado na sare yake, macho chini.

"Mama, nisamehe. Sikutaka presha yako ipande."

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijuaje?"

"Mtu anapikia jeshi mwaka mzima, halafu anarudi chapati zake bado ngumu vile vile? Nilijua jikoni hukuwahi kuingia."

Tulicheka sote. Dada alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mama akahamia kando yake.

"Kulikuwa na wa sita," dada alisema. "Alikuwa ananiita. Sikuweza kumfikia."

Nilidhani mama angemwambia ni mapenzi ya Mungu. Badala yake aliuliza, "Aliitwa nani?"

Dada akamtajia. Mama akalirudia lile jina taratibu, kama anayejifunza.

"Mamake yuko?"

"Yuko Njiru, si mbali na hapa. Sijathubutu kwenda."

Mama akainuka, akachukua leso yake. "Badilisha nguo. Tunaenda sote wawili."

Walirudi jioni. Sikuambiwa walichozungumza huko, nami sikuuliza. Lakini siku hizi Jumapili, ibada ikiisha, mama yule wa Njiru huja kwetu. Huketi na mama yangu mlangoni, penye jua, wakimzungumzia kijana wake, na dada huwamiminia chai.