Miguu ya Ndege ya Reverien

Reverien Ndayisaba alikuwa fundi baiskeli, na nawaambia mapema kwamba sikumpenda. Hakunikosea kitu. Alikuwa mtu wa aina ile inayoudhi kwa kutokosea: anafika dukani kwangu asubuhi, anavua kofia, ananisalimu, "Mwidiwe, mzee Gharibu," anachukua spoku zake, anaondoka. Miaka ishirini na miwili nilimuuzia vipuri katika soko la Kasulu, na sikuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Mtu kama huyo unatamani siku moja umwone ameanguka.

Mama yake alimvusha mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Alikulia huku, akaoa huku, uraia alipata na cheti chake akakitundika ukutani. Lakini watu wa sokoni wakiudhika naye walimwita mkimbizi, nami nilicheka pamoja nao. Shule aliishia darasa la nne. Mengine yote alijifunza kwenye baiskeli.

Na baiskeli za kwetu mzijue. Baiskeli mpya haipandwi Kasulu kabla haijapelekwa kwa fundi kuongezwa chuma. Uma wa mbele unawekewa mwenzake, keria inachomelewa nondo, spoku nyembamba zinatolewa zinaingia nene, maana chombo hicho kitabeba mikungu sita ya ndizi mpaka Manyovu. Kwetu fundi hodari ni yule ambaye kazi yake ni nzito kuinua. Reverien aliwapita wote, na mkewe Pelagia, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimshikia koleo na bisibisi, alijigamba kwa hilo kila alipopata wa kumsikiliza.

Kisha mtu mzima huyo akaingiwa na wazimu wa ndege. Mchuuzi mmoja wa Manyovu alimletea mabaki ya ndege ya rimoti, ile midude ya kuchezea wenye nazo: mota, betri, na rimoti yenye antena iliyofungwa kwa uzi. Mwili aliuunda mwenyewe kwa yale mapande meupe mepesi yanayokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Mabawa yake yalikuwa mapana kama mlango.

Kuruka iliruka. Kutua ndiko kulikomtesa. Uwanja wetu wa mpira ni udongo mwekundu, mashimo na mawe, na ndege nyepesi ikigusa pale inadunda. Miguu ya kwanza aliitengeneza kwa njiti za mwavuli, ikapinda siku hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa ya spoku, nayo ikakunjika. Ya tatu aliikata kwenye bapa la msumeno wa mbao, akalipasha moto, akalikunja kama upinde, akaweka magurudumu ya kandambili. Hiyo haikupinda. Ndege ilipotua vibaya, miguu ilibaki mizima kabisa, na tumbo lote la ndege likang'oka. Wiki tatu za kazi alizirudisha nyumbani ndani ya gunia.

Alikaa siku mbili bila kugusa kitu. Siku ya tatu akaanza kuokota miswaki mibovu. Alikata vishikio vyake, akavichonga meno ya skrubu, akapata bolti za plastiki, na hizo ndizo alizofungia miguu ya chuma. Alinieleza sababu mara tatu.

"Mzee Gharibu, pigo lazima liende mahali. Miguu ikiwa migumu na bolti ngumu, linaingia tumboni. Hizi zinakatika kwanza. Miguu inaachia, ndege inateleza kwa tumbo, inasimama. Tumbo ni wiki tatu. Bolti ni dakika kumi."

Nilimwelewa mara ya kwanza. Hizo mbili nyingine nilimuuliza ili wateja wasikie na wacheke, na walicheka mpaka machozi. Fundi wa nondo anafunga ndege kwa miswaki! Tangu siku hiyo soko zima likamwita Bwana Miswaki. Yeye alivua kofia, akatabasamu. Pelagia hakutabasamu. Wanawake walimuuliza kisimani kama nyumbani kwake bado wanapiga mswaki au wanatafuna kuni, naye akarudi nyumbani na ndoo haijajaa.

Habari zikafika Kibondo. Kulikuwa na chuo kidogo cha ufundi huko, na mkuu wa karakana yake, Mwalimu Pasikali, alikuwa mpenzi wa ndege hizo. Akampigia simu Reverien: nitakuja Jumamosi. Irushe, itue mara tatu mbele yangu. Ukiweza, Januari unaanza kufundisha, habari ya vyeti niachie mimi.

Reverien alipokea simu hiyo mbele ya duka langu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na alilia kama mtoto.

"Wataniita mwalimu, mzee Gharibu," alisema. "Mimi!"

Nikampa hongera. Roho iliniuma siku nzima.

Ijumaa akaja Pelagia dukani, ameshika kwa mikono miwili kitambaa alichofungia hela.

"Baba Zuhra, nataka bolti nne ndogo za chuma. Zile ngumu kabisa."

"Za nini, mama Akimana?"

"Za ndege. Mgeni atoke Kibondo kote aje aone miswaki? Baba Akimana anaogopa uzito tu. Nitazifunga mwenyewe kesho akienda kuchukua betri kwenye chaji, halafu narudishia juu utepe wake wa kuzuia vumbi. Asijue. Atafurahi akiona miguu imesimama."

Neno moja lingetosha. Ningeweza kusema, mama, usifanye hivyo, utaivunja. Badala yake nilishusha kopo, nikamchagulia nne bora, nikampa na nati za kujikaza, nikamwelekeza azikaze mpaka mwisho. Sikutaka kumwita Reverien mwalimu. Hiyo ndiyo sababu yote, msiitafute nyingine.

Jumamosi nilifunga duka mapema. Mara ya kwanza ndege ilitua taratibu, watu wakapiga makofi. Mara ya pili pia. Nikaanza kuogopa kwamba itafanikiwa. Mara ya tatu upepo wa mlimani uliisukuma ikiwa inashuka, ikapiga udongo kwa mguu mmoja. Plastiki ingekatika hapo. Chuma hakikukatika. Tumbo lilipasuka, pua ikajichimbia ardhini, bawa likavunjika vipande viwili, na ile miguu ikabingirika peke yake mpaka golini, mizima, ikivuta pande la tumbo.

Watu walicheka. Pelagia alitimua mbio kuelekea golini. Mwalimu Pasikali aliokota kipande cha tumbo kilichobaki na bolti moja, akabandua utepe kwa kucha.

"Nani amefunga chuma hapa?"

Reverien aliitazama bolti ile. Kisha alimtazama mkewe, aliyekuwa ameinama golini kule mbali.

"Mimi, mwalimu."

"Anayeunda ndege hizi anajua kwamba bolti za miguu ni za plastiki, zikatike. Miguu ikiachia mimi sihesabu kwamba imevunjika. Niliambiwa kuna mtu wa darasa la nne ameligundua hilo peke yake, ndiyo maana nikaja." Akampa kile kipande mkononi. "Walinidanganya. Siwezi kukukabidhi wanafunzi."

Akawasha pikipiki yake, akaenda. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, na mdomo ninao.

Tulirudi mjini watatu, kwa kuwa njia ni moja. Reverien alibeba mabaki ya ndege ndani ya gunia. Pelagia alikuwa ameshika ile miguu kifuani, na akajaribu kumpoza mumewe.

"Upepo ndio ulioharibu, baba Akimana. Hukukosea wewe. Tazama hapa, miguu haikupinda hata kidogo! Nilikufungia bolti za chuma asubuhi, kwa siri."

Reverien alihamishia gunia bega la pili.

"Ego, ndiyo," alisema. "Ulizikaza vizuri."

"Mshukuru na baba Zuhra. Ndiye aliyenichagulia, akanionyesha na namna ya kuzikaza."

Hapo Reverien akasimama. Akanitazama, na nikaona anakumbuka mara zote tatu alizonieleza. Akatua gunia chini, akavua kofia.

"Asante, mzee Gharibu," alisema. Kisha akalibeba gunia lake tena, akamshika mkewe mkono, wakatangulia.