Kuitafutia Bima Nyumba ya Bibi Kule Kilema

Nilipanda Kilema kwa sababu ya mguu wa bibi. Ulikuwa umevimba tangu masika, na daktari alisema akae karibu na hospitali ili asikose kliniki. Mama, ambaye ni binti yake, akamwandalia chumba kwetu Kahe, na chandarua kipya. Bibi akagoma. Nyumba ya jirani yake iliungua mwenyewe akiwa sokoni Himo, na mpaka leo jirani huyo analala jikoni kwa shemeji yake. Bibi hawezi kuiacha nyumba aliyoijenga babu ipatwe na hayo. Tukambembeleza kwenye simu mpaka akatoa sharti.

"Ikatieni bima," alisema. "Ikitokea kitu, ijengwe tena palepale. Hapo nitashuka."

Kazi nikapewa mimi, Anjela, maana katika ukoo wetu mtu mwenye cherehani yake anaonekana hana kazi. Sikulalamika. Napenda sana kutumwa mbali. Njiani huwa najenga maisha mengine kichwani, na nauli ni ileile.

Asubuhi niliondoka Kahe na bodaboda, tukipita kando ya mashamba ya mpunga huku maji ya mifereji yakimeremeta. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe. Niliona kama dalili njema. Nilidhani bima ya nyumba ni kama ya pikipiki: unalipa, unapewa stika, unabandika mlangoni, umemaliza.

Moshi mjini nilipanda ngazi hadi kwa wakala wa bima, Bi. Shirin, mama wa Kihindi ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia yao. Nilipomweleza habari ya stika alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, nyumba kongwe siyo pikipiki. Kwanza tunaangalia kuijenga upya kutagharimu nini. Siyo bei ya kuiuza."

"Lakini kule juu nani atainunua? Hata haina bei."

"Ndiyo maana watu wananijia juu hapa. Bei ya kuuza ndogo, bima kubwa. Umesema kuta ni mawe ya kuchonga, na dari ya mbao nene. Fundi wa kuchonga mawe hivyo leo utamtoa wapi? Haya, nyaya za umeme je?"

"Aliweka babu mwenyewe."

Bi. Shirin alifumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa jino. "Na gari la zimamoto likitoka huku mjini, likapanda Kilema wakati wa matope, litakuta nini?"

"Majivu."

"Umeelewa vizuri. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza ada. La mwisho ndilo kubwa: nani analala humo? Nyumba ikibaki tupu, ada inapanda. Ikibaki tupu muda mrefu, kampuni inaweza kukataa kulipa fidia."

Sisi tunataka bima ili bibi aondoke, na bima inataka bibi asiondoke.

Bi. Shirin akasema nisikate tamaa kabla nyumba haijaonekana. Akaniunganisha na mkaguzi wake, Jumanne, kijana wa Singida mwenye kamera shingoni na maneno mengi mdomoni.

Barabarani, baada ya kuiacha lami, tulianza kupanda katikati ya migomba. Wenye kukaa tambarare kama sisi mnajua jinsi mtu anavyoufurahia ule ubaridi wa kwanza. Nilishusha kioo cha gari. Halafu nikaona sisikii kitu. Tulipita nyumba moja nzuri ya ghorofa, mageti ya chuma, pazia zimefungwa. Ikafuata nyingine. Na nyingine. Nyasi zimeota mpaka kwenye ngazi za mlango.

"Aisee, nyie Wachaga mna vituko," Jumanne akasema. "Mnajenga majumba, wanaolala ni popo."

"Wenyewe wako Dar, wako Mwanza. Watarudi Krismasi. Na usiniite Mchaga mzima, baba yangu ni mtu wa Kahe."

"Basi nusu popo."

Nilicheka, lakini ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na ndani yake nyumba zile zilionekana zimekaa kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Jumanne naye akapunguza sauti, sijui kwa nini. Hakukuwa na mtu wa kumsumbua.

Kilema tulifika mchana, ingawa kwa ukungu ule ungedhani jua limekwisha kuzama. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la bibi, ukitambaa juu ya migomba. Bibi alikuwa mlangoni, mguu umefungwa khanga.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko Kahe mnakula upepo? Na huyu ndiye mchumba?"

"Ni mkaguzi wa bima, bibi."

"Mkaguzi naye si ana mama yake? Kaeni, mle."

Tulikula mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi na nyama, tukasahau baridi. Kisha Jumanne akaanza kazi. Alipiga picha kuta, akazisifu. Alitazama nyaya za babu, akaacha kusifu. Alichungulia jiko la mafiga lililokuwa linawaka humohumo ndani ya nyumba, akaguna. Baada ya hapo akafungua milango ya vyumba.

Vilikuwa vitatu mbali na cha bibi. Vitanda vimetandikwa, shuka zimenyooshwa, ndala zimepangwa chini, ncha zikitazama mlangoni.

"Hapa analala nani, bibi?"

"Mzee wangu. Hapa Barnaba. Kile cha mwisho ni cha Anselmi, huyo ni mzito wa kuamka, hata kwa kengele ya misa."

Jumanne aliweka kiganja juu ya blanketi la kwanza. "Kweli, pana joto bado." Akagusa la pili, akaingia na cha mwisho. "Na huyu ametoka sasa hivi. Basi jumla mko wanne. Safi sana, nyumba inakaliwa."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido. Babu nilimzika nikiwa darasa la tatu. Wajomba zangu, Barnaba na Anselmi, walimfuata, na hawakuacha watoto. Niliingia nikagusa vitanda vile mwenyewe. Vyote vilikuwa na joto, kama mtu anapotoka kwenda chooni na anarudi sasa hivi.

Sikutaka kumwaibisha bibi mbele ya mgeni. Nilimvuta Jumanne mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kihamba. Kwetu mlimani marehemu hazikwi mbali, anabaki katika shamba la migomba la nyumbani, na kaburi lake linazungushiwa masale, yale majani marefu ambayo pia tunapandia mipaka. Nikamwonyesha. Makaburi matatu, yamefagiliwa.

Alisoma majina kwenye misalaba. Alisoma tena. Kamera yake ilikuwa inagongana na vifungo vya shati.

"Anjela," akasema, "mimi nimeshika vitanda."

"Hata mimi."

Tulirudi ndani tukitembea karibu karibu. Bibi alikuwa anachokonoa moto. Nikamuuliza taratibu, bibi, vitanda vina joto la nini? Akatutazama kama watoto waliouliza maji yana unyevu wa nini.

"Ukungu ukishuka si nawawekea mawe? Nayapasha hapa kwenye mafiga, nayafunga kwa kitambaa, nayaweka chini ya blanketi. Kitanda cha mtu kikipoa kabisa, si ni kama umemfukuza?"

Jumanne alishusha pumzi ndefu, akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ukaguzi ukamrudia kichwani. "Bibi, mawe ya moto kwenye magodoro! Haya ndiyo yanayochoma nyumba! Kampuni ikisikia hii, ada itafika Kibo."

Akaenda kuyatoa. Kwenye chumba cha babu alitoa jiwe. Kwa Barnaba alitoa jiwe. Kwa Anselmi alifunua blanketi, akainua godoro, akapiga magoti akatazama uvunguni.

"Hapo bado," bibi akasema kutoka jikoni. "La Anselmi ndiyo kwanza linapashwa."

Lilikuwa kwenye mafiga. Tuliliona. Jumanne akainuka akajipangusa magoti, nami nikamtandikia mjomba wangu kitanda upya, nikanyoosha shuka vizuri kuliko ninavyonyoosha zangu.

Wakati wa kuondoka nilikaa miguuni pa bibi. Nilimweleza alivyonieleza Bi. Shirin, kwamba akishuka nyumba itahesabiwa tupu. Nilitegemea atafurahi kwamba ameshinda. Badala yake alishika ule mguu wake kwa mikono miwili.

"Unaniuma, Anjela," akasema. "Usimwambie mama yako. Unaniuma sana. Lakini nikiondoka, nani atawajua?"

Nilimshika mikono mpaka Jumanne alipopiga honi.

Kurudi chini tulipita tena zile nyumba za Krismasi. Safari hii sikuzionea ajabu. Nilizionea huruma. Na hapohapo, kwenye kona za Kilema, nikaanza kujenga kama kawaida yangu: cherehani dirishani kwa bibi, magauni ya misa ya Jumapili, sare za shule, Kibo mbele yangu kila asubuhi. Ila safari hii ndoto haikuisha tulipofika lami.

Moshi tena, jioni haijaingia, Bi. Shirin alisikiliza taarifa ya mkaguzi. Nyaya zibadilishwe zote. Jiko la mafiga lihamishiwe nje. Mawe yakome. Hayo yakifanyika ada itakuwa ya kubebeka, mama akichangiwa na ndugu. "Na mkaaji?" akauliza. "Usinipe jina la kunifurahisha. Siku ya moto wataenda kuuliza majirani."

"Ni mimi," nikasema. "Nahamia na cherehani yangu. Bibi anashuka kutibiwa."

Nilijifunza mambo siku ile, nanyi mlio na nyumba za wazee huko juu yachukueni. Nyumba ya zamani haipimwi kwa bei ya soko, inapimwa kwa gharama ya kuirudisha. Umbali wa zimamoto unalipiwa. Waya chakavu unalipiwa. Na kitu kinachopunguza hofu ya kampuni kuliko rangi mpya ni mtu anayelala humo kwelikweli na kuamka humo.

Nilimpigia bibi nikiwa pale pale ofisini, nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya mawe. Nikasikia analia kidogo, na anacheka.

"Nitashuka," akasema. "Mwambie mama yako anifuate. Lakini wewe usije leo wala kesho, mjukuu wangu. Ngoja kwanza niwaambie unakuja, na chumba gani utalala, wasije wakashtuka."