Stendi ya Kinanda cha Mama

Mama alivunjika nyonga akishuka ngazi za nyumba yetu ya Muthangari, siku ya mvua. Alirudi kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu, akatangaza kwamba hatapiga kinanda tena kanisani. Alikuwa akikipiga tangu mimi nikiwa mtoto wa shule. Shida haikuwa vidole. Stendi ya kinanda pale kanisani ilikuwa na miguu iliyopishana kama mkasi, na magoti yake yaligota pale kabla mikono haijafika.

"Wacha wengine wapige," alisema. "Mimi nimepiga ya kutosha."

Sikumwamini. Kila redio ikiimba, vidole vyake vilicheza juu ya paja.

Nilizunguka maduka ya vyombo vya muziki mjini wakati wa lanchi. Kote kulikuwa na stendi za miguu ya mkasi tu. Ndipo nikamwendea binamu yangu wa kike, mkubwa wangu kwa umri, mwenye karakana ya mageti nyuma ya Adams Arcade. Nilitaka anitengenezee.

"Niko na mageti ya kumaliza," akasema. "Lakini Jumamosi mashine iko free. Kuja nikufunze."

"Mimi, dada? Mimi hukaa tu ofisini."

"Na mikono huwa unaacha wapi?"

Jumamosi ya kwanza rodi ya kuchomelea ilinasa kwenye chuma kila nilipoigusisha. Iliposhika moto, ilitoboa bomba kama limeliwa na panya.

"Usisukume," binamu alipaza sauti nyuma yangu. "Sikiza. Ikilia kama chips kwa mafuta, uko sawa."

Nikasikiliza. Nilichoma vipande vya chuma kibovu hadi sauti ile ikakaa masikioni. Siku moja niliinua ngao ya uso mapema, na kesho yake macho yaliniwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Jumatatu nilienda kazini na miwani ya jua, na Jumamosi nikarudi karakana.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: nguzo mbili zilizoachana, miguu imetoka pembeni, katikati pawe wazi kwa magoti. Ndani ya kila nguzo lipite bomba jembamba lenye matundu, ulipandishe au ulishushe, kisha ulikaze kwa bolti. Bomba la ndani lilikataa kupita. Nilichungulia, nikaona mshono wa kiwandani umevimba ndani ya lile kubwa. Nikausugua kwa tupa hadi kiganja kikatoka malengelenge.

Stendi iliposimama tulilaza mfuko wa simiti juu yake. Mguu mmoja ukakatika papo hapo.

Binamu aliinama akaangalia. "Welding haikushika. Imekaa juu juu tu." Akanitazama. "Nikumalizie?"

Nilikuwa karibu kulia. "Hapana," nikasema, nikachukua grainda na kukata viungo vyote, hata vile vilivyoonekana vizuri.

Jioni hiyo Mama aliona alama ya moto kwenye mkono wangu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya stendi. Ya kinanda yako."

Akasema, kwa sauti aliyokuwa akitumia kwaya ikichelewa, "Na umenipima lini? Leta futi." Akaweka mikono juu ya kinanda kisichokuwepo, viwiko vimekunjwa sawasawa, nami nikapiga magoti nikapima kutoka sakafuni.

Safari hii nilishikiza kila kiungo kwanza, nikachoma polepole, nikageuza upande, nikachoma tena. Mfuko wa simiti ulikaa. Binamu akaongeza wa pili, kisha akakalia yeye mwenyewe, akicheka.

Jumapili tulifika kanisani kabla ya watu, nikaweka kinanda juu ya stendi mpya. Mama alijisukuma mwenyewe, na magoti yakaingia bila kugusa kitu.

"Juu kidogo," akasema.

Nikalegeza bolti, nikapandisha tundu moja.

"Hapo."

Aliegemea kinanda kwa viwiko, kwa uzito wake wote. Stendi haikutikisika. Akapiga wimbo wa kuingilia, akakosea mstari wa pili, akaguna na kuanza upya. Wanakwaya waliokuwa mlangoni walianza kuimba kabla hawajafika kwenye viti vyao.