Mkono Uliokataa Kumwachia Baba

Baba yangu alishikana mkono na mtu asiyekuwepo. Halafu mtu huyo akakataa kumwachia.

Wallahi, nilikuwa hapo hapo, soda mkononi.

Mimi ni Khadidja wa mtaa wa Buyenzi. Mchumba wangu Uthmani ana chumba kidogo cha kazi mtaa wa Rohero, anatengeneza glavu za ajabu. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho, unaona kikombe. Ukikishika, glavu zinakuzuia vidole, unakisikia kigumu kabisa. Kumbe umeshika hewa.

Hewa hiyo ndiyo iliyotuponza.

"Mutu anashika hewa toka asubuhi, we atakushika na nini?" baba alikuwa akiniambia. Mzee Hamimu anauza vipuri vya magari, na kwake mwanamume hupimwa kwa kiganja. Akaapa mbele ya shangazi zangu: "Mukono wangu, ule kijana hataugusa!"

Sasa kwetu, siku ya ndoa, baba wa binti hushikana mkono na bwana harusi mbele ya shehe. Baba akikunja mkono wake, ndoa hamna. Nilikuwa nimekwisha.

Nikambembeleza aje aone tu hiyo kazi. Akaja, amenuna. Nikamvika miwani na glavu.

"Unaona nini, baba?"

"Kuna muzee wa kanzu, ndevu nyeupe. Ananyoosha mukono... Salaam aleikum, muzee wangu!"

Akainama, mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, heshima zote. Akashika.

"Heh! Ana nguvu!"

Akauliza habari za nyumbani. Mzee kimya. Akauliza za watoto. Kimya. Mkono juu, chini, juu, chini.

"Baba, mwachie basi."

"We mutoto, adabu uliacha wapi? Mukubwa ndiye anaachia kwanza!"

Jasho likaanza kumtoka. Soda yangu ikaisha.

"Lakini huyu muzee," akaninong'oneza, "mukono wake hauna haraka. Mutu wa kazi huyu. Watu kama hawa wameisha."

Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Baba akang'oa miwani. Akasikia mtu anahema nyuma ya pazia. Akalivuta.

Uthmani huyo! Amevaa glavu za pili, mkono mbele, macho chini. Alivyoshika yeye ndivyo mzee wa ndevu alivyoshika.

"Ni we?" baba akanguruma. "Mbona hukuniachia?"

"Ningeachiaje, muzee? Mukubwa ni wewe."

Nikajua kimeumana.

"Vua hizo takataka," baba akasema. Akavua na zake. Akanyoosha mkono mtupu. "Sasa nishike."

Tumeoana juzi Ijumaa. Shehe alimaliza, watu wakaitikia amina, pilau ikaanza kupakuliwa. Wale wawili bado wameshikana.

"Mzee Hamimu, kulikoni?" shehe akauliza.

"Wacha," baba akajibu. "Bado namupima."

Funzo, ndugu zangu: usiuapie mkono ambao hujaushika. Na ukimpeleka mzazi kujaribu mashine, nunua soda mbili.